Mwana wa nyumbani au mtumwa wa sheria: ulinganisho kwa Mkristo anayetaka kujua anaishi upande gani

Wakristo wawili wanaweza kuamka alfajiri moja, wakapiga magoti, wakafunga siku zilezile, wakatoa fungu la kumi bila kupunguza hata senti, na bado mmoja akawa anaishi kama mwana katika nyumba ya baba yake huku mwenzake akiishi kama mtumwa anayehofia kufukuzwa kabla ya jioni. Mtu wa nje akiwatazama hataona tofauti yoyote. Kwa sababu hiyo, ulinganisho unaohesabu matendo, kwamba huyu hufanya hivi na yule hufanya vile, haumfai mtu anayetaka kuamua, na wakati mwingine humpotosha, kwa kuwa humpa orodha nyingine ya kutimiza wakati tatizo lake lilikuwa orodha tangu mwanzo. Jambo linalozitenganisha njia hizi mbili ni mpangilio: je, mtu hukubaliwa na Mungu kwanza, ndipo akatii, au hutii kwanza, ndipo akubaliwe kama mfanyakazi apokeavyo ujira? Niseme mapema kwamba mimi nimekwisha kuchagua. Hata hivyo nitajitahidi kuitendea haki njia niliyoiacha, kwa maana niliishi ndani yake miaka mingi, na haikuwa na ubaya mtupu.

Maneno yenyewe

Neno la Kigiriki ambalo Biblia ya Union Version inalifasiri katika Warumi 8:15 kwa maneno "kufanywa wana" linapatikana mara 5 tu katika Agano Jipya, na zote zimo katika nyaraka zinazobeba jina la Paulo: mara 3 katika Warumi, mara 1 katika Wagalatia na mara 1 katika Waefeso. Lilikuwa neno la sheria. Sisi tukisikia habari ya kuasili mtoto, mara moja tunafikiria mtoto mchanga asiye na wazazi anayeonewa huruma na kuchukuliwa kulelewa. Warumi wa wakati ule walifikiria jambo jingine. Aliyeasiliwa mara nyingi alikuwa mwanamume mtu mzima, na shabaha ilikuwa kumpatia mwenye nyumba mtu wa kubeba jina lake na kurithi mali yake. Sheria zao za kale, zilizoandikwa katikati ya karne ya 5 kabla ya Kristo, zilisema kwamba baba akimuuza mwanawe mara tatu, mwana huyo amekwisha kutoka katika mamlaka yake; na Warumi wakaigeuza kanuni hiyo kuwa utaratibu wa kuasili, mwana akauzwa na kuachiliwa kwa namna ya ishara mpaka kifungo cha baba wa kwanza kikakatika, kisha baba mpya akamdai mbele ya hakimu kuwa ni wake. Baada ya hapo hakuwa mwana wa daraja la pili.

Wasomaji wa kwanza wa waraka kwa Warumi hawakuhitaji maelezo marefu juu ya hilo. Mwaka 50 BK kaisari Klaudio alimuasili Nero, ingawa alikuwa na mwana wa kumzaa, Britannicus. Na mwaka 54 aliyeketi kwenye kiti cha enzi alikuwa Nero. Paulo aliandika waraka wake miaka michache tu baadaye, yapata mwaka 57. Kwa tabia, Nero ni mfano mbaya, nakiri, lakini kwa sheria ni mfano usio na utata: aliyeasiliwa alirithi vyote. Ndiyo maana Paulo hasemi tu kwamba waaminio ni watoto, anaongeza kwamba ni warithi, tena "warithio pamoja na Kristo." Na anapoandika "wana" katika Wagalatia, ametoka kusema sentensi chache tu nyuma kwamba hakuna mtu mume wala mtu mke, maana yake hadhi ya mrithi, ambayo desturi ya ulimwengu ule iliwapa zaidi wanaume, ameikabidhi kwa wote.

Upande wa pili una neno utumwa, na hapa Kiswahili kinasema kwa nguvu ambayo lugha nyingi haziwezi. Wagalatia 5:1 katika Union Version inasomeka hivi: "Katika ungwana huo Kristo alituandika huru, kwa hiyo simameni, wala msinaswe tena chini ya kongwa la utumwa." Leo tukisema muungwana tunamaanisha mtu mwenye adabu, lakini maana ya kwanza ya neno hilo ni mtu asiye mtumwa. Kongwa ni ule mti wenye panda uliofungwa shingoni mwa mateka walipoongozwa kwa msururu. Na kuandika huru ndivyo bwana alivyomwachilia mtumwa wake, kwa hati. Mtumwa hakujiandika huru, hata angefanya kazi kwa bidii namna gani. Hati ilitoka mkononi mwa bwana. Msomaji akibaki na mstari huu mmoja tu, amekwisha kuushika ulinganisho wote.

Kinachotangulia

Ni kosa, tena kosa linalorudiwa sana mimbarani, kuulinganisha uana na sheria kana kwamba Agano la Kale ni kitabu cha utumwa na Agano Jipya ni kitabu cha uhuru. Amri Kumi hazianzi kwa amri. Zinaanza na habari ya jambo lililokwisha kufanyika: "Mimi ni BWANA, Mungu wako, niliyekutoa katika nchi ya Misri, katika nyumba ya utumwa." Wokovu umetangulia, amri zimefuata. Kabla ya hapo, katika Kutoka 4:22, Musa ametumwa kwa Farao na ujumbe kwamba Israeli ni mwana wa Mungu, mzaliwa wa kwanza wake. Na Paulo mwenyewe katika Warumi 9:4 anahesabu kufanywa wana kuwa miongoni mwa mali za Waisraeli. Kwa hiyo tunayemlinganisha na mwana wa nyumbani hapa si Myahudi anayeishika Torati. Ni mtu yeyote, Mkristo akiwemo na pengine Mkristo zaidi, aliyegeuza mpangilio ule juu chini, akaisoma amri ya kwanza bila kusoma utangulizi wake.

Paulo anaeleza kazi ya sheria kwa picha ambayo tafsiri yetu imeipunguza ukali kidogo kwa kusema "kiongozi." Neno la Kigiriki lilimtaja mtumwa maalumu aliyekabidhiwa mtoto wa nyumba: alimpeleka kwa mwalimu, alimrudisha, alimkemea njiani, na mara nyingine alimchapa. Hakuwa adui wa mtoto. Alikuwa na kazi halali yenye kikomo, kwa maana mtoto alipokua, kazi yake ilikwisha. Mtu mzima wa miaka arobaini anayetembea barabarani akiwa ameshikwa mkono na yule mlinzi wa utotoni hatuwezi kusema ana adabu kuliko wenzake.

Siku ya kuanguka

Njia hizi mbili zinafanana sana siku za mafanikio. Mahali pa kuzipima ni siku baada ya kuanguka, na hapa nitasimama kwa muda mrefu kuliko kwingine.

Nilikuwa na daftari. Lilikuwa daftari la kawaida la shule, nililolichora mistari kwa rula: upande wa kushoto tarehe, halafu safu ya sala ya asubuhi, safu ya sura tatu za Biblia, safu ya sala ya jioni, na safu nyembamba ya mwisho ambayo sikuiandikia kichwa, nilimoweka alama ya mkasi siku ambazo nimeshindwa na jambo nililolijua mimi peke yangu. Wino wa bluu kwa alama za vema, wino mwekundu kwa mikasi. Si daftari lililokuwa baya, kwa kuwa mtu anaweza kuandika alama na asidhurike. Ubaya ulijitokeza siku za mkasi mwekundu. Siku hizo sikuomba. Nilijiambia kwamba nitaomba kesho, nikiwa nimeshakaa siku moja bila kosa; kisha nikaona siku moja ni chache, nikasema tatu; na safari moja nilikaa wiki nzima nikijisafisha ili nistahili kwenda kuomba kusafishwa. Sikuona kichekesho kilichomo ndani ya mpango huo. Nilidhani huo ndio unyenyekevu.

Mtumwa aliyevunja chombo humkwepa bwana wake. Hana budi, kwa sababu uhusiano wao umejengwa juu ya kazi, na kazi imeharibika. Mwana aliyevunja chombo anaweza kuogopa pia, anaweza hata kujificha nyuma ya mlango kwa dakika kadhaa, lakini anajua atalala wapi usiku huo. Injili ya Yohana 8:35 inaliweka neno hilo kwa ufupi: mtumwa hakai nyumbani sikuzote, mwana hukaa sikuzote.

Ukitaka kuona jambo hili kwa karibu, soma polepole hotuba ya mwana mpotevu katika Luka 15. Akiwa kwa nguruwe anaitunga yote: nimekosa juu ya mbingu na mbele yako, sistahili kuitwa mwana wako tena, "nifanye kama mmoja wa watumishi wako." Ni ombi la kuajiriwa. Amekwisha kupanga jinsi atakavyorudi kwa njia ya ujira. Anapofika, anaanza kuisoma hotuba kama alivyoikariri, na katika nakala nyingi za kale ile sehemu ya mwisho haisikiki kabisa. Baba amekwisha kumkumbatia na anaagiza vazi, pete na viatu. Ombi la kazi halikukataliwa kwa hoja. Lilikosa nafasi tu.

Upande wa sheria, toba nayo hugeuka kuwa kazi ya kulipia. Martin Luther, aliyekuja kuanzisha Matengenezo ya Kanisa huko Ujerumani, alipokuwa mtawa aliungama mara nyingi na kwa muda mrefu mpaka akamchosha msimamizi wake, Johann von Staupitz, kwa kuwa kila alipomaliza alikumbuka jingine. Mtu wa namna hiyo si mlegevu wala si mnafiki. Anafuata hesabu yake mpaka mwisho kwa uaminifu, na hesabu yenyewe haina mwisho.

Utii

Wapo wanaosikia haya wakauliza: basi mwana atatii kwa nini? Swali lenyewe linaonyesha aliyeuliza amesimama wapi, kwa sababu linachukulia kwamba hakuna sababu ya kutii isipokuwa hofu au mshahara. Lakini ni swali la haki.

Neno "Aba" linasaidia kulijibu. Limekuwa neno la kubembelezea katika mahubiri mengi, kana kwamba lilikuwa sauti ya mtoto mchanga tu, ilhali watu wazima nao waliwaita baba zao hivyo. Katika Agano Jipya limeandikwa mara 3. Paulo ameliandika mara mbili, na katika injili limo mara moja tu kinywani mwa Yesu: Gethsemane, katika Marko 14:36, usiku ule alipoomba kikombe kiondolewe, kisha akasema isiwe atakavyo yeye. Neno la uana, basi, lilitamkwa saa ambayo utii ulikuwa mzito kuliko saa zote. Anayedhani kuwa uana ni njia ya wepesi hajausoma ukurasa huo. Waebrania 12 nao wanasema kwamba Mungu huwarudi wana wake, na kwamba asiyerudiwa ndiye anayepaswa kuwa na wasiwasi kama kweli ni mwana wa halali. Mtumwa hupigwa ili alipe. Mwana hurudiwa ili akue. Fimbo inaweza kuonekana ileile.

Kitendo nacho kinaweza kuwa kilekile kikawa na majibu mawili. Paulo alimtahiri Timotheo, Matendo 16:3, ili asiwe kikwazo kwa Wayahudi wa sehemu zile. Paulo huyohuyo anasimulia katika Wagalatia 2 kwamba Tito hakushurutishwa kutahiriwa, wala yeye hakuwapa nafasi, hata kwa saa moja, wale waliotaka kuwatia utumwani. Msomaji anayetafuta kanuni moja ya tohara atamwona Paulo kigeugeu. Timotheo alitahiriwa kwa ajili ya upendo kwa wengine, huku nafasi yake nyumbani ikiwa imekwisha kuthibitika. Tito alitakiwa atahiriwe ili nafasi yake ithibitike. Hapo ndipo Paulo alipogoma.

Kile ambacho njia ya sheria inatoa

Ingekuwa haina faida, isingekuwa na wafuasi. Inampa mtu kipimo: jioni anajua kama amefaulu au ameshindwa. Kwa mtu aliyetoka katika maisha yaliyovurugika, ratiba na makatazo yaliyo wazi yanaweza kuwa kama ukingo wa ngazi kwa mtu anayejifunza kutembea upya, na sitamcheka anayeushika. Inajenga jumuiya inayotambulikana kwa mavazi na kwa vyakula. Inampa pia starehe ya siri ambayo wachache huikiri, yaani kumtazama jirani na kujiona uko mbele.

Njia ya uana haitoi starehe hiyo. Humnyima mtu kipimo cha kujilinganisha na humketisha mezani karibu na watu ambao yeye asingewaalika. Hili lilikuwa gumu hata kwa Petro. Kulingana na Matendo 15, ndiye aliyesimama katika baraza la Yerusalemu, ambalo wengi huliweka karibu na mwaka 49, akauliza kwa nini wawawekee wanafunzi kongwa ambalo wala baba zao wala wao wenyewe hawakuweza kulichukua. Na Petro huyohuyo, kama Paulo anavyosimulia, kule Antiokia alikuwa akila pamoja na watu wa Mataifa mpaka walipofika wageni fulani kutoka kwa Yakobo, ndipo akaanza kujitenga. Hakuna aliyebadilisha mafundisho. Mtu alisogeza sahani yake tu, na Paulo akaona kwamba injili yote iko hatarini.

Gharama ya sheria huonekana baadaye, kwa wale waliofaulu. Ndugu mkubwa katika Luka 15 hakuvunja amri hata moja, na anapofungua kinywa anasema "nimekutumikia miaka mingapi hii," kwa neno la Kigiriki ambalo ni la kutumika kama mtumwa. Ameishi nyumbani miaka yote akihesabu. Anajua ni nini hakupewa: mwana-mbuzi. Baba anamjibu kwa neno ambalo yeye mwenyewe hakujiita hata mara moja katika malalamiko yake, "Mwanangu," na kumwambia kwamba vyote ni vyake, kumbe na wale mbuzi pia.

Uhuru usio na nyumba

Wapo wanaokimbia kongwa wakaishia porini. Mwishoni mwa miaka ya 1530, Johann Agricola, aliyekuwa rafiki wa Luther, alifundisha kwamba sheria haina mahali katika mahubiri ya kanisa, na Luther ambaye alikuwa ameumizwa na hofu kuliko wengi akampinga kwa nguvu. Wagalatia 5:13 inaonya kwamba uhuru usiwe sababu ya kuufuata mwili, "bali tumikianeni kwa upendo." Njia hii ya kukimbia sitaichambua zaidi, kwa sababu siyo upande wa tatu wa kweli: mtoto aliyetoroka hajawa mwana zaidi ya mtumwa aliyebaki, na wote wawili wanamwona baba kuwa ni bwana mkali.

Kwa anayetaka kuamua

Uamuzi huu mara nyingi huja kwa sura ya vitendo: nibaki katika kusanyiko hili au nihamie lile, nifuate mafundisho ya mwalimu huyu au nimwache. Sitashauri mtu ahame kwa sababu tu kanuni ni nyingi. Sikiliza kwanza mahubiri ya mwezi mzima, uangalie vitenzi: je, vingi vinasema alichofanya Mungu au unachopaswa kufanya wewe, na ni kipi kinasemwa kwanza? Angalia kama kanuni za nyumba, kwa mfano za mavazi au za saa za mikutano, zinatajwa kuwa ni kanuni za nyumba, au zinapandishwa na kuvikwa mamlaka ya Mungu, jambo ambalo Yesu analikemea katika Marko 7. Zaidi ya yote, angalia aliyeanguka anapokelewaje juma linalofuata, na kama wanaoongoza wamewahi kusikika wakiungama lolote. Mahali ambapo hakuna anayeanguka hadharani, watu wamejifunza kuficha.

Na usidhani kwamba kuchagua ni tendo la siku moja. John Wesley, mwanzilishi wa Wamethodisti, alikuwa mchungaji aliyewekewa mikono, mwenye ratiba kali ya sala na mfungo, kabla ya jioni ya tarehe 24 Mei 1738 huko London, aliposikia moyo wake ukipata joto la ajabu na akaamini kwamba dhambi zake, zake yeye, zimeondolewa. Mwaka 1746 alichapisha hubiri juu ya roho ya utumwa na roho ya kufanywa wana. Miaka mingi baadaye, alipoyapitia maandishi yake ya zamani ambamo alikuwa amejihukumu kuwa hakuwa na imani kabisa, aliongeza maelezo mafupi pembeni kwamba hata wakati ule alikuwa na imani ya mtumishi, ingawa si ya mwana. Napenda masahihisho hayo kuliko hubiri lenyewe. Mzee anamtazama kijana aliyekuwa akijitesa, na hamkani.

Daftari langu bado ninalo, au tuseme mjukuu wa lile la kwanza. Halina safu. Naandika tarehe na majina ya watu ninaowaombea, na chini yake neno moja au mawili niliyoyasoma. Kuna juma mwezi uliopita ambalo lina kurasa mbili tupu, na najua vizuri ni kwa nini ni tupu. Siku ya nane niliandika tarehe, nikaendelea na majina.